Kura Kumi na Moja za Mama

Mama yangu hakuwahi kwenda matanga mikono mitupu, isipokuwa mara moja, na mara hiyo moja imenikaa moyoni mpaka leo.

Kwenye mtaa wetu wa Goma kila mwanamke wa shirika alikuwa na kitu chake cha kuleta msiba ukitokea. Shirika ni lile kundi la Wakatoliki wa jirani, nyumba ishirini au thelathini, wanaosali pamoja na kuzikana. Hakuna aliyeandika popote nani alete nini. Mmoja alileta masufuria makubwa, mwingine majani ya chai, mwingine viti. Mama alileta makala ya kupikia, yaani mkaa. Ulikuwa mfuko mzima uliofungwa majani juu, unasukumwa kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mpaka mlangoni mwa wafiwa kabla hata turubai halijafungwa. Alifanya hivyo tangu nilipokuwa mtoto. Mtu akifa, mama aliuliza kwanza bei ya makala, ndipo akalia. Nilimcheka kwa hilo. Alinijibu kwamba wa kulia ni wengi, na maharagwe yanachukua masaa matatu kuiva.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Butembo, mjane, na mbishi. Ubishi wake nimeurithi wote, ndiyo maana tulikaa nyumba moja miaka mingi bila kumaliza mazungumzo hata moja kwa amani. Alipoacha kufundisha nilidhani atapumzika. Badala yake akaja siku moja na karatasi mkononi akaniambia kwamba atasimama kwenye uchaguzi, awe mshauri wa komini, yaani diwani. Chama kidogo kisichojulikana kilikuwa kinatafuta majina ya wanawake, na yeye akatoa lake. Dhamana ya kujiandikisha hairudishwi, ushinde au ushindwe. Ili kuilipa aliuza kipande cha shamba alichoachiwa na baba yake Butembo. Nilikasirika siku tatu. Siku ya nne nikamshonea suti ya kitenge, kwa sababu mgombea hawezi kuonekana na gauni lililopauka.

Mimi ni fundi wa nguo. Nina karakana ndogo kando ya barabara, mashine mbili, moja yangu na moja ya mwenzangu ambaye tulijifunza kushona pamoja. Wakati wa kampeni sisi washonaji hatulali njaa. Wagombea wenye uwezo huleta vitenge vyenye sura zao, marobota kwa marobota, wanawake wa mtaa wavae na kuimba. Mimi pia nilishona. Mama aliona sura ya mpinzani wake imelala mezani kwangu chini ya mkasi, akasema tu kwamba kola yake imekaa vibaya.

Kampeni yake yeye ilikuwa somo. Alikuwa na ubao mdogo mweusi, chaki, na kiti cha kukunja. Alikwenda kwenye kona za mtaa, kwenye bomba la maji, nje ya kanisa baada ya misa ya pili, akaegemeza ubao kwenye mawe ya volkano na kuanza kama anavyoanza darasani, kwa kuwaomba watu wasogee mbele. Somo lilikuwa moja kila siku. Mtu anayeuza nyumba yake ili apate kiti, akishapata kiti atainunua tena nyumba kwa pesa gani? Kisha alieleza alichotaka: serikali igharamie kampeni yenyewe. Kila mgombea apewe mabango sawa, dakika sawa kwenye radio, na akatazwe kuongeza chochote cha kwake juu ya hapo. Alisema sheria ya kusaidia vyama kwa pesa ya serikali ipo kwenye karatasi miaka mingi, ila pesa yenyewe haijawahi kuonekana, na hata sheria hiyo haimfikii mtu mdogo kama yeye.

Watu walimsikiliza kwa sababu nusu yao aliwafundisha kusoma. Lakini hawakumkubalia. Mzee mmoja muuza mbao alimjibu mbele ya wote.

"Madame, barabara hakuna, maji hakuna, mwalimu halipwi. Sasa unataka tena tulipe wanasiasa?"

"Papa, tayari tunawalipa," mama akamwambia. "Ila tunawalipa kisha kura kupita, na hawatuambiake bei."

Watu walicheka, mama akafurahi. Halafu kijana fulani akauliza swali linalomaliza kila kampeni: "Sawa, Madame. Na sisi unatuachia nini?" Mama akamwonyesha ubao. Kundi likatawanyika polepole, kwa adabu.

Sasa, mama hakuwa mtu wa kusema jambo na kulifanya nusu. Jioni moja kabla ya kampeni kufunguliwa aliniita jikoni akaniambia sharti alilojiwekea. Tangu siku ya kwanza ya kampeni mpaka siku ya kura, mkono wake hautampa kitu mtu yeyote mwenye kadi ya kupiga kura.

"Hata sabuni ya mtoto aliyezaliwa?" nikamuuliza.

"Hata sabuni."

"Mutoto hana kadi, mama."

"Mama yake iko nayo."

Nilimwambia kwamba anachanganya mambo. Anachotoa yeye anakitoa miaka thelathini, kila mtu anajua si cha kura. Aliendelea kuchambua mchele, akasema kwamba mimi na yeye tunajua, lakini anayepokea atajuaje? Na yeye mwenyewe, siku hiyo akitoa, atajuaje moyo wake unatoa kwa ajili gani? Nikaondoka jikoni.

Wiki ya pili ya kampeni akafa mume wa jirani yetu.

Huyu jirani alikuwa rafiki wa mama kuliko ndugu zake wa tumbo moja. Tulitenganishwa na ukuta mmoja wa mawe, na ukuta wenyewe ulikuwa na tundu walilopitishia chumvi, moto, na maneno. Yeye ni wa upande wa Bukavu. Mume wake alikuwa mtu wa Kalengera, mchuuzi wa maharagwe, aliyepanda na kushuka barabara ya Rutshuru maisha yake yote mpaka vita ilipoifunga. Alivimba mguu, akalazwa wiki moja, akafa. Kumrudisha kwao haikuwezekana, akazikwa Goma. Ndugu zake waliokimbia Kalengera walikuwa kwenye kambi ya Kanyaruchinya, na walikuja wote kwa miguu, na watoto wao na blanketi zao. Sijawahi kuona matanga yenye watu wengi hivyo kwenye kiwanja kidogo hivyo.

Mgombea mmoja, yule yule wa kitenge nilichokishona, alifika kabla ya padri. Alileta turubai lenye sura yake na numero yake, jeneza, sukari na mikate. Alishika mkono wa mjane muda mrefu kidogo, mtu wake akapiga picha, wakaenda. Mjane alikaa siku tatu chini ya sura hiyo inayocheka.

Mama alifika na rozari. Nilikuwa nyuma yake. Alipoingia kiwanjani wanawake waliokuwa jikoni walitazama nyuma yake, na mmoja akatoka mpaka barabarani kuangalia kama chukudu inakuja. Akarudi. Mama alikaa kwenye mkeka kando ya rafiki yake na kumshika bega. Mmoja wa wale mama wa shirika, aliyezoea kusema kila kitu kwa sauti, akauliza makala iko wapi.

"Niko candidate," mama akasema. "Nikileta kitu leo, itakuwa kama natafuta kura juu ya maiti. Siku ya kura ikipita, nitaleta."

Mjane hakuinua kichwa. Baadaye nilisikia jikoni mtu akisema, "Ee, politike imemukausha Madame mukono." Wengine wakacheka kidogo.

Kitu ambacho mama hakukifikiria, na mimi pia sikukifikiria, ni hiki: kwa kuwa makala yalikuwa yake miaka yote, hakuna mwingine aliyeleta. Kila mtu alijua makala ni ya Madame. Kulikuwa na sukari, mikate, jeneza lenye vishikio vya kung'aa, maharagwe gunia zima, na hakukuwa na cha kuyapikia. Makala ya Rutshuru hayakuwa yanafika, na machache yaliyokuwa sokoni bei ilikuwa imepanda. Mvua ikanyesha. Wanawake walipasua mbao za ua, wakawasha vijiti vibichi vya mikaratusi, moshi ukajaa chini ya turubai mpaka waombolezaji wakatoka nje kwenye mvua. Watoto wa Kanyaruchinya walipewa maharagwe magumu. Nilimwona msichana mdogo akiyatoa mdomoni moja moja na kuyapanga kwenye goti lake, na shangazi yake akimfinya kwa aibu ayameze.

Niliona aibu kuliko niliyowahi kuona maishani. Niliona aibu kwa ajili ya mjane, na zaidi kwa ajili ya mama, na niliona hasira juu ya ubao wake na chaki yake.

Kesho yake radio moja ya mtaa ilimpa mama robo saa ya kuzungumza. Aliondoka saa nne asubuhi amevaa ile suti niliyomshonea. Mimi nilichukua pesa niliyolipwa kwa vitenge vya mpinzani wake, nikaenda sokoni, nikanunua mfuko wa makala, nikatafuta chukudu. Nilipofika mlangoni mjane mwenyewe alitoka, macho yamevimba. Wakati huo sauti ya mama ilikuwa inasikika kutoka radio ya nyumba ya pili, anaeleza habari ya mabango sawa na dakika sawa.

Ningeweza kusema makala ni yangu. Mimi ni mtu mzima, nina kazi yangu, nina haki ya kuleta kitu kwa mwanamke aliyenilea nusu. Lakini nilitaka kuosha jina la mama. Nikasema, "Mama ametuma. Lakini anaomba isisemwe."

Mjane alinishika mikono yote miwili akalia kwa sauti. Nilirudi karakana nikakaa kwenye mashine nimeridhika kabisa, nikashona mikono ya gauni kinyume.

Siku ya kura tulipigia kwenye shule ileile ambayo mama alifundisha, darasa la tatu, lenye dirisha lililovunjika tangu nilipokuwa mwanafunzi. Mwenzangu wa karakana alikuwa kwenye mstari na mimi. Kesho yake asubuhi matokeo ya chumba hicho yalibandikwa kwenye mlango. Mama alienda mwenyewe, na miwani yake. Yule mgombea wa turubai alipata kura nyingi kuliko wengine wote kwa mbali. Mama alipata kumi na moja.

Nilijiandaa kumfariji. Nilichemsha maji, nilitafuta maneno. Alirudi anatembea haraka, akachana nusu ukurasa wa daftari, akaandika namba kumi na moja kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia, akaibandika ukutani kando ya kalenda ya parokia.

"Kumi na moja," akasema. "Na hakuna hata mmoja niliyemupa chumvi."

Alikuwa na furaha. Nasema kweli, sijawahi kumwona vile tangu baba alipokuwa hai. Watu walipokuja kumpa pole aliwaonyesha ile karatasi. Aliwaeleza kwamba watu kumi na moja wamemchagua kwa maneno matupu, katika mji ambao mtu hachaguliwi bila kitenge, na kwamba wakiwa wanaweza kuwa kumi na moja katika chumba kimoja, basi ile sheria inawezekana. Alianza kuandika barua kwa wakubwa wa chama, kuwaomba waidai huko Kinshasa. Alitaka kusimama tena. Barua ilikuwa na ile kumi na moja mstari wa kwanza. Nilimsaidia kutafuta maneno ya Kifaransa, macho yangu yakiukwepa mstari huo.

Siku chache baadaye, mchana, rafiki yake alikuja. Ilikuwa mara ya kwanza kuvuka mlango wetu tangu mazishi. Mama alikuwa anafunga kitambaa kichwani aende sokoni kumnunulia makala, maana kampeni ilikuwa imekwisha na ahadi ni ahadi. Mjane aliweka mezani sahani ya sombe, majani ya muhogo, iliyofunikwa, akakaa, akashusha pumzi.

"Dada yangu, sikuje kukushukuru mapema. Kichwa yangu haikuwa sawa."

"Kunishukuru juu ya nini?" mama akauliza.

"Ile mufuko ya makala. Mutoto yako alisema nisiongee, na sikuongea. Lakini wewe na mimi hatufichanake. Tulipikia watu siku mbili mpaka wakashiba. Wale wa Kanyaruchinya walikula vizuri, muzee hakuaibika." Akacheka kwa mara ya kwanza, akampiga mama goti. "Mimi niliwaambia watoto: mnaona? Nilijua tu yale maneno ya kukataa kutoa ilikuwa politike. Madame hawezi kutuacha. Tukaenda wote, mimi na watoto wanne na mukwe wangu, watu sita, tukakupigia."

Mama alinitazama. Alinitazama mara moja tu, si kwa muda mrefu. Nilitamani anipige.

Kisha akamgeukia rafiki yake na kumshika mkono. "Pole tena, dada," akasema. "Alikuwa mutu muzuri." Hakukana. Angekana angemwaibisha mjane mbele yangu na kumnyang'anya wema aliokuwa ameulalia usingizi wiki nzima. Akaniagiza chai. Wakakaa wakizungumza habari za wale watoto wa kambini, nani amerudi kulala baridini, nani anakohoa. Mama alikula sombe yote, akasifu. Alimsindikiza mpaka kwenye tundu la ukuta.

Aliporudi alitoa ile karatasi ukutani. Akakaa mezani, akachukua kalamu nyekundu, akafuta kumi na moja kwa mstari mmoja ulionyooka, kama alivyofuta hesabu za watoto, akaandika tano, akairudisha ukutani.

"Mama, wangekuchagua hata bila makala," nikamwambia.

"Pengine."

"Basi?"

"Pengine," akasema tena. "Hiyo pengine ndiyo sikuitaka."

Nilianza kulia. Nilimwambia nilichokiona, maharagwe magumu, yule msichana, moshi. Nilimwambia kwamba sharti lake lilikuwa la kikatili na kwamba mtu hawezi kuacha kuwa jirani kwa sababu ya kampeni. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa desturi yetu.

"Unasema kweli," akasema. "Nilimuacha rafiki yangu kwenye moshi. Sitasahau. Lakini nilisema nini kila siku pale kwenye bomba? Kungekuwa sheria, kila mutu anapewa sawa, kila mutu anakatazwa kuongeza, ningeleta makala yangu mwenyewe mchana, watu wote wanaona. Ningemwambia, hii ni ya muzee, siyo ya kura. Angeniamini. Sheria haipo, nikaiweka mimi peke yangu, na peke yangu haiwezekane."

Akakunja barua aliyokuwa anaiandikia chama, akaiweka ndani ya Biblia. Haijatoka humo.

Halafu akaniuliza, kwa sauti ya mwalimu anayetaka hesabu ikamilike: "Wewe ulinipigia?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi pia. Basi wanabaki watatu."

Mambo ya mji yamegeuka tangu wakati ule. Kambi za Kanyaruchinya zimevunjwa, wenye amri si wale wa jana, na hakuna anayejua kura nyingine itapigwa lini. Makala anapeleka tena kwenye kila matanga, mfuko mzima, na chukudu inatangulia. Karatasi yenye tano ingali ukutani, kalenda ya kando yake imeshabadilishwa.

Siku hizi hatembei peke yake kwa sababu ya magoti, ananishika mkono. Tukipita barabarani anasimama kwa kila mtu: muuza mbao, mama wa mikate, kijana wa pikipiki, hata yule aliyecheka jikoni siku ile. Anawasalimu polepole, anawatazama usoni. Mwanzoni nilidhani ni uzee. Siku moja aliniambia mwenyewe kwamba anawatafuta wale watatu. Watu watatu walimsikiliza pale kwenye bomba, wakaenda kumchagua bila kupewa kitu na bila kudaiwa kitu, na hawezi kumpita mtu bila heshima, maana huenda ni mmoja wao.

Nilimshika mkono vizuri tukaendelea. Mmoja wa hao watatu ni mwenzangu wa karakana. Hakuwahi kusikia somo hata moja. Nilimsihi pale kwenye mstari, na alimpigia mama kwa ajili yangu. Sijamwambia mama, na sitamwambia.